Mama Mkubwa na Washindi Wawili

Alhamisi, 3 Desemba 2020

Joto la kumtoa nyoka shimoni. Umeme hakuna. Roho haijatulia.

Mama mkubwa Esi Tawia bado yuko mochwari. Tangu Aprili! Alipofariki, amri ilikuwa maziko ni watu ishirini na watano tu. Ukoo mzima ukakataa. Mwanamke aliyekausha samaki kwa moshi maisha yake yote, ambaye wanawake wa samaki kuanzia hapa Akotokrom hadi Takoradi walimwita Mama, azikwe na watu wa kujaza basi dogo? Tukasema tusubiri masharti yalegee. Yamelegea, lakini kwa kubania: sasa ni watu mia. Mjomba Otoo, mkuu wa ukoo, amechoka kusubiri. Ametangaza: Jumamosi ijayo, tarehe kumi na mbili, liwe liwalo.

Atakayeongoza shughuli ni mimi. Nani mwingine? Fiifi Bentsil, mshereheshaji wa misiba, harusi na ubatizo. Tangu korona iingie sijashika kipaza sauti ila kukipangusa vumbi. Watu ishirini na watano hawahitaji mshereheshaji. Wanahitaji mtu wa kukohoa tu, wote wanageuka.

Na huyu ndiye aliyenilea, mama yangu mzazi alipokwenda Abidjan na kusahau njia ya kurudi. Alisema sauti yangu inaweza kumuuzia mvuvi mchanga wa pwani. Nitamzika kwa sauti hiyo. Nimeapa.

Tatizo: wanaokuja si mia. Takoradi peke yake wamekodi mabasi matatu. Leo Bi Dede Lartey, afisa afya wa wilaya, alikuja nyumbani. Mwanamke mwembamba, barakoa yake imepigwa pasi. Akasema polepole, na ndiyo maana tulitetemeka, kwamba akimwona mtu wa mia na moja atafunga shughuli, na jeneza litarudi barafuni.

Lirudi! Mjomba Otoo alishika ukuta.

Lakini jana mgombea wa chama cha Njano alifanya mkutano wa kampeni hapa mjini. Watu kama siafu! Wamekumbatiana, barakoa kidevuni, tarumbeta mdomoni. Bi Lartey akapita na gari lake, shingo imenyooka mbele kama aliyepigwa plasta. Nikajiuliza: kumbe korona haipendi siasa?

Hapo ndipo wazo lilipozaliwa. Sitaliandika leo. Karatasi nazo zina masikio.


Jumamosi, 5 Desemba

Nimeshindwa kujizuia. Naliandika.

Uchaguzi ni Jumatatu. Mshindi lazima asherehekee. Sherehe ya ushindi haina kikomo cha watu. Nani atamkamata mbunge mteule? Sasa, akisherehekea Jumamosi ile ile, kwenye uwanja ulio mbele ya nyumba yetu ya ukoo, waombolezaji wangu wataingia katika umati ule kama chumvi kwenye supu. Bi Lartey ahesabu mpaka achoke!

Asubuhi nilimwendea Mheshimiwa Baidoo wa Njano. Mstaafu wa forodha, kitambaa cha kujifutia jasho hakitoki mkononi. Nikamwambia wanawake wa samaki wote wako mfukoni mwangu, ila ningependa asherehekee kwetu. Akafurahi. Akaweka sharti moja: kabla ya sala, nitangaze kwamba marehemu alikuwa Njano damu damu. Nikakubali.

Mchana nilimwendea mpinzani wake, Madam Ekua Mends wa chama cha Zambarau. Wakili. Hacheki, hata kwa adabu. Nikamwambia hayo hayo. Akaniuliza kwa nini anisadiki. Nikasema anitazame usoni. Akanitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akaweka sharti: nitangaze marehemu alikuwa Zambarau. Nikakubali.

Ndiyo, wote wawili. Kwani watashinda wote? Mmoja atashinda, mwingine atakuwa chumbani kwake anaita wanasheria. Hesabu ya mtoto wa chekechea.

Njiani nilikutana na Atta Kakraba. Zamani tulikuwa washereheshaji wawili mji huu, yeye wa pili. Korona ilipoanza akakimbilia Redio Wimbi, sasa anasoma habari na kujiita mwanahabari. Akaniuliza kwa nini nimetoka kwa Njano nikaingia kwa Zambarau siku moja. Nikasema nagawa mialiko ya msiba. Akasema, "Fiifi, wewe ukitembea haraka hivyo, mji hulala na viatu." Wivu. Wivu mtupu.


Jumatatu, 7 Desemba

Siku ya kura. Nimetoka alfajiri, jogoo bado wanapiga miayo.

Kituo kiko shule ya Methodisti. Maduara ya chokaa chini, kila mpiga kura na duara lake. Ndoo ya maji, sabuni, kijana wa kupima joto anaelekeza kile kibastola kwenye paji la uso. Mzee mbele yangu aliinua mikono juu. Hakuna aliyecheka. Foleni ilikuwa kimya kibaya. Watu waliosalimiana miaka yote leo walitazamana viatu. Wamepigana maneno kampeni nzima, sasa maneno yamekwisha.

Mjomba Otoo alikuwa nyuma yangu. Akanong'ona kuwa hajawahi kuona kura ya kimya namna hii, na kwamba mji ukinyamaza hivi huwa umemeza kitu kibaya.

Nikaingia kwenye kibanda. Karatasi mbele yangu. Baidoo na picha yake, Mends na picha yake. Hapo nikakumbuka nilimwahidi kila mmoja kura yangu pia, kwa mdomo wangu na kwa kaburi la mama mkubwa, ambalo hata halijachimbwa. Kidole kina wino. Msimamizi akakohoa. Nikashtuka. Kidole kikatua.

Kikatua kwenye mstari. Katikati kabisa! Nusu ya dole kwa Baidoo, nusu kwa Mends.

Nikaikunja nikatumbukiza. Kura moja kati ya maelfu. Nani ataijali?


Jumanne, 8 Desemba

Redio iko sikioni tangu asubuhi. Sikio limepata moto.

Saa nne: Njano anaongoza kwa kura kumi na moja. Kumi na moja! Katika jimbo zima! Vijana wa Njano wakapita barabarani na sufuria. Saa saba: kituo kimoja kilijumlishwa vibaya, Zambarau anaongoza kwa sita. Sufuria zikabadilisha mikono. Saa tisa: hesabu imesimamishwa. Msimamizi anataka zirudiwe zote. Askari wamezunguka ukumbi wa wilaya, na wanajeshi wawili nimewaona kwa macho yangu wakinunua dokono, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, na pilipili bila kushusha bunduki.

Maduka yamefungwa mapema. Muuza nyanya wa Njano amehamisha meza yake mbali na muuza vitunguu wa Zambarau. Walikuwa wanachekeana tangu usichana wao.

Atta Kakraba redioni, sauti ya mazishi: jambo linalobishaniwa ndani ya ukumbi, alisema, ni kura chache zilizoharibika, hasa moja ambayo dole limekaa juu ya mstari. Wanasheria wa pande zote wanaipima kwa rula.

Nikazima redio. Nikaiwasha. Nikazima.

Mjomba Otoo aliuliza ni mpumbavu gani anaweza kufanya kitu kama kile. Nikasema dunia ina watu, Mjomba.


Jumatano, 9 Desemba

Dada Araba amefika kutoka Takoradi. Ndiye binti pekee wa mama mkubwa, fundi cherehani. Amekuja na nguo ya kumvisha mama yake, ameishona mwenyewe, mara tatu, kwa sababu mara tatu tarehe ilisogezwa. Alitukumbuka wote kwa barakoa nyeusi zenye ukingo mwekundu. Yangu ameitia F ndogo pembeni.

Hakulia. Aliketi kwenye kigoda cha mama yake karibu na tanuri za moshi, akasema: "Fiifi, ndugu yangu, mimi nataka kitu kimoja. Mama apite barabara hii mara ya mwisho kwa amani. Watu mia, watu kumi, sijali. Apite kwa amani."

Nikamwambia niachie mimi. Akanitazama kama mtu anayetazama ngazi mbovu.

Saa nane hivi simu ikalia. Mheshimiwa Baidoo. Wasimamizi wake wamejumlisha wenyewe, ameshinda kwa nne! Hasubiri msimamizi. Jumamosi anasherehekea uwanjani kwetu. Magari saba, tarumbeta, na "vijana wa usalama".

Sijakata simu vizuri, ikalia tena. Madam Mends. Naye amejumlisha. Ameshinda kwa tatu. Jumamosi, uwanjani kwetu. Na yeye ana vijana wa usalama.

Nikauliza kwa unyonge kama haingefaa Jumapili. Akasema Zambarau haikimbii uwanja.

Washindi wawili! Hili halikuwemo kwenye hesabu ya chekechea.

Nimewaona hao vijana wa usalama jioni. Wako nyuma ya soko, wanachonga fimbo. Wa Njano upande huu wa choo cha umma, wa Zambarau upande ule. Wanaazimana kisu cha kuchongea. Jumamosi watapigania uwanja, na barabara ya makaburini inapita ukingoni mwa uwanja ule ule. Jeneza la mama mkubwa litapita katikati.

Sijala.


Alhamisi, 10 Desemba

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimefikiri.

Kitu gani kinaogopwa na Njano na Zambarau kwa pamoja? Amri mpya! Nikampigia Baidoo. Nikamwambia, kwa siri kubwa, nina mtu wangu Accra, kesho masharti yanabana upya: watu ishirini na watano, si zaidi, na mgombea atakayekusanya watu Jumamosi atanyang'anywa ushindi wake. Nikasikia kitambaa kinafuta jasho. Nikampigia Mends. Maneno yale yale, nikaongeza mahakama, maana ni wakili.

Nikalala usingizi mfupi wa mchana. Usingizi wa mtu mwema.

Nikaamshwa na sauti ya Atta Kakraba. Kutoka redio ya jirani, kutoka redio ya kinyozi, kutoka redio ya mjomba, zote pamoja: "Habari zilizotufikia punde kutoka chanzo cha kuaminika Accra..."

Ishirini na watano! Hewani! Mimi ndiye Accra!

Nikakimbia nyumbani kwa ukoo. Nimechelewa. Mjomba Otoo amekwisha piga simu. Mabasi ya Takoradi yamesimamishwa. Wapishi wamerudishwa na masufuria yao. Waliokuwa wakisimamisha maturubai wanayashusha. Uani wanawake wa samaki wamekaa chini, mikono kichwani. Mmoja alisema amewaweka akiba samaki wake bora tangu Aprili kwa ajili ya siku hii. Mjomba Otoo alisimama katikati ya ua, mdogo ghafla, anasema wamemzidi nguvu, wamemzidi nguvu.

Nikafungua mdomo. Niliufungua kweli, Mungu ananiona. Kikatoka kikohozi. Watu wote wakarudi nyuma hatua mbili na kuvuta barakoa.

Na wagombea? Baidoo ametuma ujumbe: Mends kasikia amri, akighairi mimi nikaja, nimeshinda. Naja. Mends ametuma: Baidoo anadhani nitaogopa. Naja.

Kwa hiyo nimewazuia waombolezaji wote, na wenye fimbo wanakuja.


Ijumaa, 11 Desemba

Asubuhi tumekwenda kumchukua mama mkubwa mochwari. Uso umekuwa mdogo. Nguo ya Araba imemkaa sawasawa. Araba aliinamisha kichwa kwenye sikio lake akamnong'oneza muda mrefu, nasi tukatazama ukuta. Sina utani hapa.

Saa nne Bi Lartey alikuwa Redio Wimbi mwenyewe. Akasema hakuna amri mpya. Ni watu mia, kama zamani. Na anamtafuta aliyezusha, na atampata.

Nikashukuru. Mambo yamerudi mahali pake! Kumbe nani anasadiki? Njano wanasema Zambarau wamemlazimisha aseme vile. Zambarau wanasema ni Njano. Kinyozi anasema akikanusha ndiyo ushahidi. Mjomba Otoo akasema leo mia, jana ishirini na watano, kesho sijui sufuri. Yeye hachezi karata na maiti. Ishirini na watano, basi. Akawataja mmoja mmoja, anahesabu kwa vidole na vidole vya mkewe.

Sikutajwa.

Nikauliza kwa heshima nani ataongoza shughuli. Mjomba akasema, "Watu ishirini na watano wa nini kipaza sauti? Tutazungumza tu, kama binadamu." Akasema niwe nje, nilinde lango la makaburi. Lango!

Alasiri Bi Lartey alikuja kuhakikisha. Nikajificha nyuma ya tanuri. Nilimsikia Dada Araba akimpa maji ya kunywa, kisha akamwuliza swali. Mwanamke akisimama kando ya barabara, mlangoni kwake, peke yake, barakoa usoni, naye jirani yake amesimama mlangoni kwake, mbali naye, je, hao wako msibani?

Bi Lartey akatazama barabara. Akauliza ni wanawake wangapi.

Araba akasema, "Barabara ina milango mingi, dada yangu."

Bi Lartey alikunywa maji yote, akarudisha glasi. Akasema mtu kusimama mlangoni kwake hakuhitaji kibali cha ofisi yake. Akaondoka.

Araba akajifunga kitambaa kiunoni akatoka. Aliporudi miguu yake ilikuwa na vumbi hadi magotini.


Jumamosi, 12 Desemba

Nilikuwa langoni mwa makaburi, uwanja wote nauona.

Asubuhi na mapema Njano waliingia uwanjani. Magari saba, spika juu. Dakika chache baadaye Zambarau wakaingia kutoka upande wa soko. Spika kubwa zaidi. Kila upande unaimba kuufunika mwingine, hata haieleweki nani anasema nini, kelele tu, mpaka mabati yanalia. Katikati yao nyasi tupu, labda upana wa goli mbili. Fimbo mikononi. Polisi wanane, mmoja wao mjamzito. Bi Lartey amesimama kwenye ngazi ya gari lake, hahesabu tena mtu yeyote.

Jiwe likarushwa. Sikuona na nani. Likapiga kioo cha gari la Zambarau. Safu za mbele zikasogea. Ule upana wa goli mbili ukawa goli moja.

Na mlango wa nyumba ya ukoo ukafunguliwa.

Jeneza likatoka. Vijana sita wa ukoo, Mjomba Otoo na fimbo yake mbele, Araba nyuma. Niliacha lango la makaburi nikakimbia kuelekea kwao. Sikuwa na mpango. Naandika hilo kwa mshangao.

Mheshimiwa Baidoo aliniona kwanza. Akashuka kwenye gari, akanisukumia kipaza sauti kifuani: sasa, Fiifi, waambie alikuwa wa nani! Madam Mends akaniona. Naye akatembea, visigino vinazama kwenye nyasi, na kipaza sauti chake. Wote wawili wakasimama mbele yangu. Vipaza sauti viwili! Miezi tisa nimeota kimoja. Uwanja mzima ukanyamaza kusikiliza. Nikisema Njano, Zambarau wataruka. Nikisema Zambarau, Njano wataruka. Wakajua wakati ule ule, nikaona kwenye macho yao, kwamba niliahidi mara mbili.

Sauti ya kumuuzia mvuvi mchanga haikutoa hata punje.

Mkono ukapita begani kwangu ukachukua vipaza sauti vyote viwili. Araba. Akavishika pamoja kama anayeshika samaki wawili kwa mikia. Hakupaza sauti.

"Mimi ni binti wa Esi Tawia," akasema. "Nimemsubirisha mama yangu barafuni miezi minane ili tumzike kwa heshima. Mnauliza alikuwa wa nani. Mheshimiwa Baidoo, ulipougua tumbo utotoni, supu ya nani ulikunywa? Madam Mends, ulipokwenda chuo, kapu la samaki mlangoni kwenu liliwekwa na nani? Basi ulizaneni wenyewe alikuwa wa nani. Mimi nataka kupita. Zimeni magari."



Kisha watu wakageuza vichwa, kwa sababu Araba akisema, barabarani palitokea kitu. Kuanzia mlango wa ukoo hadi makaburini, pande zote mbili, mwanamke mmoja kila mlango, na pasipo na mlango, mmoja kila hatua kadhaa. Nguo nyekundu na nyeusi. Barakoa nyeusi. Kila mmoja amebeba kichwani trei ya waya ya kukaushia samaki, tupu, imeinamishwa mbele kama kofia ya heshima. Waliotoka Takoradi pia, wamekuja kwa miguu yao, bila mabasi, sijui walianza saa ngapi. Hawakulia. Walisimama tu. Mama na shangazi za wale wenye fimbo.

Kijana mmoja wa Njano, mrefu, fimbo yake mpya kabisa, alimwona mama yake kwenye foleni ile. Mama hakusema neno. Alimtazama yeye, akatazama fimbo. Fimbo ikashuka polepole nyuma ya mguu wake. Kisha nyingine. Kisha upande wa pili.

Spika ya Njano ikazimwa. Ya Zambarau ikazimwa. Baidoo akavua kofia. Madam Mends akavua viatu, akasimama peku kwenye nyasi.

Mama mkubwa akapita. Kwa amani.

Mimi nilibaki uwanjani nikilia kama mtoto aliyeachwa sokoni. Polisi mjamzito alinipa kitambaa, akaniambia nivute barakoa juu kwanza.


Jumapili, 13 Desemba

Msimamizi ametangaza. Madam Mends, kwa kura mbili. Baidoo anakwenda mahakamani. Mji umechoka, watu wamepokea kwa kusinzia. Muuza nyanya amerudisha meza yake.

Baada ya ibada Mjomba Otoo alinivuta pembeni. Akasema amefikiri sana. Kama isingekuwa uvumi ule wa ishirini na watano, watu mia sita wangekuwa uwanjani jana, watoto na vikongwe, katikati ya fimbo zile. Damu ingemwagika. Akasema aliyezusha ni mwongo wa kuchapwa, lakini Mungu hutumia hata vyombo vibovu.

Nilitembea nyumbani kifua mbele. Chombo cha Mungu!

Dada Araba alikuwa ananisubiri kizingitini. Atta Kakraba amemwambia kila kitu. Kumbe Baidoo ndiye aliyempa Atta habari, akanitaja kwa jina. Nikamwambia alichosema Mjomba kuhusu vyombo. Hakutabasamu. Akasema, "Mama alijua wewe ni mwongo, Fiifi. Alikupenda hivyo hivyo, akasema una moyo, ila umekaa karibu mno na mdomo. Mimi sina subira ya Mama. Kesho nenda kwa Bi Lartey mwenyewe, kabla hajakufuata. Mimi narudi Takoradi."

Akanikumbatia, kwa kiwiko, kama masharti yanavyotaka. Iliniuma kuliko kofi.

Nimeapa: nimekoma. Uongo basi. Nitakuwa mtu mpya.


Jumatatu, 14 Desemba

Nimekwenda. Nimekiri. Bi Lartey alisikiliza hadi mwisho, akasema angeweza kunipeleka polisi, lakini polisi wamechoka. Adhabu: kuanzia kesho, kila alfajiri mpaka agizo lingine, nitapita mitaani na kengele ya mpiga mbiu, nikitangaza masharti sahihi. Neno kwa neno, bila kuongeza, bila kupunguza.

Adhabu! Mji mzima unanisikiliza, kila siku, kwa amri ya serikali! Atta Kakraba atakufa.

Nimeanza kufanya mazoezi mchana huu. Sauti imerudi, safi kabisa. Nilipopita kwenye baa ya Sikapa, iliyofungwa tangu Machi, mwenye baa alitoka akaniuliza, kwa kuwa sasa mimi ni mtu wa serikali, baa zitafunguliwa lini. Nikamwambia sijui. Hilo ni kweli tupu, mtu mpya ndivyo asemavyo.

Lakini alikuwa na uso wa huzuni sana. Na kama mtu anayetangaza amri hajui, nani ajue? Nikamnong'oneza: Ijumaa.

Ameshaagiza bia. Ameniomba nishereheshe ufunguzi, kipaza sauti chake mwenyewe, spika mbili. Nimekubali. Sasa kilichobaki ni jambo dogo tu: kabla ya Ijumaa, serikali nayo ikubali.